Aliandika mguu, kitabu kikasema Mungu

Saa moja na robo asubuhi, karakana tayari inanukia plasta mbichi na plastiki iliyotoka kwenye tanuri. Mwanamume mwenye aproni ya turubai, penseli ya zambarau imechomekwa nyuma ya sikio, anarudi kinyumenyume kati ya vyuma viwili virefu vya kushikilia. Mikono ameitanua kama anayempokea mtoto anayejifunza kutembea.

Mtoto mwenyewe ana miaka hamsini na nane. Ni mama muuza vitambaa, na leo ndiyo mara ya kwanza kwa miezi saba anasimama kwa miguu miwili: mmoja aliozaliwa nao, mwingine uliotengenezwa hapahapa wiki iliyopita.

"Usifupishe hatua, mama!" fundi anasema. "Unaona? Huo mzima ndio unaoufupisha. Unauharakisha urudi chini kwa sababu huuamini mwenzake."

"Nauamini, mwanangu."

"Huuamini hata kidogo. Mimi ndiye niliyeutengeneza, naona unavyosimangwa."

Mama anacheka, na kwa kucheka anasahau kuogopa, na kwa kusahau anapiga hatua ndefu ya kwanza. Fundi anainama, anakunja suruali yake upande wa kushoto, anagonga muundi wake kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo, ngo. Unalia kama mlango.

"Hodi," anasema. "Huu nao ulikuwa haupokei wageni. Sasa umekuwa mtu wa nyumbani."

Hapa hospitali, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, wote humwita Koplo. Ni cheo alichotoka nacho jeshini miaka tisa iliyopita, na yeye husema ndicho kitu pekee alichotoka nacho kikiwa kizima. Mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ulibaki kwenye daraja. Kwa mwezi hutoa miguu bandia tisa, kumi akibanwa sana. Daftari la wanaosubiri lina majina mia moja na kumi na mawili, na analijua karibu lote kwa moyo.

Lakini kilichomleta mwandishi kwenye karakana hii si miguu hiyo. Au tuseme ni mguu mmoja tu, tena ulioandikwa vibaya.

Ili uelewe, lazima kwanza ujue mguu unavyotengenezwa. Koplo hukifunga kigutu cha mgonjwa kwa bandeji ya plasta, akasubiri ikauke, akaivua kama soksi. Ndani ya soksi hiyo anamimina plasta nyingine. Ikishika, anapata nakala nyeupe ya kigutu, na juu yake anachora kwa ile penseli ya zambarau: hapa pana mfupa, hapa pakwaruzwe, hapa pasiguswe. Mguu ukishamalizika, nakala ile inavunjwa kwa nyundo na kutupwa.

"Mwanzoni nilikuwa naandika kama fundi yeyote," anasema. "Naandika 'hapa panauma.' Siku moja akaja kijana aliyetoka vitani kama mimi. Nikaandika kwenye plasta yake, 'hapa panauma ijapokuwa hapapo.' Sijui ilitoka wapi. Nikaitazama, nikasema, haa, kumbe inasemeka!"

Ikawa ndiyo tabia. Mstari mmoja, kesho miwili, keshokutwa plasta nzima imezungukwa na maneno ya zambarau kama kanga. Jioni anachukua nyundo, anavunja, anafagia.

"Niliipenda hivyo. Unaandika, unavunja, hakuna anayekuuliza una nini."

Ingeendelea vivyo hivyo kama sukari isingemfikisha hapo mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili. Mwalimu alikatwa mguu wa kulia, akaja kupimwa, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Benchi lenyewe linatazamana na rafu ya vigutu vya plasta. Kumweka mwalimu wa lugha mbele ya maandishi ukategemea asisome ni kumwonea.

"Mimi nasoma hata kopo la rangi," Mwalimu anajitetea. "Nilisoma vigutu saba. Nikaita, Koplo! Nani mtunzi wa hivi?"

"Nikamwambia ni alama tu za kazi, Mwalimu."

"Nikamwambia alama za kazi hazina vina!"

Mwalimu ana kikundi chake. Kila Jumamosi saa nne, katika chumba cha nyuma cha maktaba, hukutana watu kumi na mmoja waliowahi kuvaa sare. Hawaji kushauriana wala kupewa pole. Wanakuja na daftari. Kila mmoja anasoma alichoandika, wenzake wanasema neno lipi limekaa na lipi limesimama upande, wanakunywa chai, wanaondoka.

Yumo aliyekuwa mpishi wa kambi, ambaye hajawahi kuandika neno "kifo." Aliandika kwamba siku moja alipika chakula cha watu arobaini na sahani zilizorudi kuoshwa zilikuwa ishirini na tisa. Basi. Mwalimu akasahau hata kusahihisha.

Yumo pia Tarumbeta, aliyepiga muziki katika bendi ya jeshi hadi mlipuko ukamchukulia masikio. Hutunga mashairi ya vina vikali, kisha akimaliza kusoma anauliza kwa sauti ya kutikisa madirisha, "Vinalingana?" Wenzake wanampungia mkono kwamba vinalingana. Siku visipolingana wanampungia vilevile.

Huko ndiko Koplo alikojifunza kuandika kitu kisichovunjwa kwa nyundo. Mwaka huu kikundi kiliamua kutoa kijitabu, kila mtu kipande kimoja. Cha Koplo kilikuwa cha ukurasa mmoja na nusu, nacho kilichekesha kuliko vyote. Kilieleza jinsi unyayo usiokuwepo unavyomwasha anapokuwa mbele ya watu wa heshima. Kilieleza duka alilokwenda kununua kiatu kimoja, muuzaji akamjibu kwamba hauzi nusu jozi, labda naye aje nusu mtu. Neno "mguu" lilitokea mara kumi na moja, na sentensi ya mwisho ilikuwa hii: "Nilipoteza mguu wangu darajani, na tangu siku ile natembea kwa kuazima."

Aliyekichapa ni karani wa karakana, dada mchangamfu anayeandika "mguu" kwenye fomu mchana kutwa. Alikichapa kwa simu wakati wa chakula cha mchana. Mara kumi aliandika sawasawa. Mara ya kumi na moja kidole kikateleza, ikawa "mugu," na simu, iliyozoea salamu za Karani za Mungu akubariki na Mungu akipenda, ikajitia kujua, ikalisahihisha neno yenyewe.

Alhamisi kabla ya uzinduzi, boksi la nakala mia mbili likafika kutoka kwa mpiga chapa. Koplo akachukua moja, akaenda moja kwa moja kwenye sentensi yake ya mwisho, kama afanyavyo kila mwandishi ingawa wote hukataa.

"Nilipoteza Mungu wangu darajani, na tangu siku ile natembea kwa kuazima."

Karani alipoona alilia hadi kwikwi zikamshika. "Nisamehe kaka Koplo, nimekuharibia, nimekuaibisha!" Koplo hakumgombeza. Hakuwa na hasira naye hata chembe. Kilichomsumbua kilikuwa kingine kabisa, na hakutaka aulizwe ni kipi.

Alichukua nakala akamfuata Mwalimu nyumbani kwake.

"Mwalimu, si ulipitia kabla ya kuchapwa?"

"Nilipitia."

"Hili hukuliona?"

Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Niliona. Nikadhani umekusudia."

"Nimekusudia mimi?"

"Kilichonikera ni sarufi tu. Mguu unaupoteza, unasema nilipoteza mguu. Mungu si kitu, lazima umtie huyo 'm' wake: nilimpoteza. Nikataka nikusahihishe. Halafu nikasema hapana, mtu akisema jambo zito namna hii, huendi kumgombeza kwa herufi."

Koplo akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa. "Kwa hiyo uliamini kwamba ni mimi nimesema."

"Niliamini," alisema Mwalimu. "Wewe je?"

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Koplo anaishi na mama yake mzazi, na mama huyo hugusa chakula baada ya kuomba, hutoka nje baada ya kuomba, hulala baada ya kuomba. Kwa miaka tisa amewaambia majirani kwamba mwanawe alirudishwa na maombi. Gauni la kwendea uzinduzi alikuwa ameshalipiga pasi na kulitundika mlangoni tangu Jumatatu. Na kwa miaka hiyohiyo tisa, mwana huyo aliyerudishwa na maombi alikuwa hajaomba hata mara moja.

Hakumwambia. Angeanzia wapi? Angemweleza kwa nini, na hiyo kwa nini ilikuwa na neno moja ndani yake, neno alilolisema siku ile asubuhi, ambalo alikuwa hajamwambia mtu yeyote duniani.

Basi Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akakaa chumbani na boksi lake na kalamu ya wino mweusi. Nakala baada ya nakala akawa anakata "Mungu" na kuandika "mguu" juu yake kwa herufi ndogo safi. Alikuwa amefikia ya sitini na tatu mama yake alipoingia na kikombe cha chai. Mama akachukua nakala kutoka upande usiofaa, upande ambao ulikuwa haujasahihishwa, akaketi kitandani kusoma.

Alicheka kwenye kiatu. Alicheka kwenye unyayo. Kisha akasogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu.

"Hapa kuna kosa?"

"La Karani, mama. Simu yake." Koplo akaishika kalamu vizuri. Kisha akaiweka chini. "Lakini si uongo."

Anasema alitegemea kilio. Alitegemea hata kuitiwa wazee wa kumwombea. Mama yake akapuliza chai, ile aliyomletea yeye, akainywa mwenyewe.

"Najua," akasema. "Tangu urudi, unasema amina kabla sijamaliza."

Koplo anaposimulia hapa anacheka hadi anajifuta macho kwa aproni, na plasta inamwachia michirizi nyeupe usoni. "Miaka tisa najifanya mjanja! Kumbe mwenzangu ananihesabia amina."

Ndipo akamweleza. Kwenye gari lao walikuwa wanne, na aliyeendesha walimwita Dereva, kwa kuwa hakuwa na shughuli nyingine yoyote moyoni ila gari na mke wake. Dereva hakuwasha injini kabla ya kuomba. Alifumba macho, mkono juu ya ufunguo, akawataja wote waliomo, mmoja mmoja, na yeye mwenyewe akajiweka mwisho. Asubuhi ile alirefusha kuliko kawaida. Jua lilikuwa linapanda, gari limekuwa tanuri, na Koplo alikuwa hajalala vizuri.

"Nikamwambia, fupisha bwana, Mungu naye ana kazi nyingine. Wenzetu wakacheka. Na yeye akacheka. Akafungua macho, akawasha gari."

Dakika arobaini baadaye walifika darajani. Bomu la kutegwa ardhini lililipuka upande wa mbele. Wawili waliokaa nyuma walitoka na mikwaruzo. Koplo alitoka bila mguu. Dereva hakutoka.

"Nikifumba macho kuomba, najisikia mwenyewe nasema fupisha," Koplo anasema. "Kwa hiyo niliacha kuyafumba."

Mama yake alisikiliza yote hayo kikombe kikiwa mapajani. Halafu akauliza swali ambalo Koplo anasema hata jeshi, lililomhoji mara tatu, halikuwahi kumuuliza.

"Ulipomkatiza, alikuwa amefika wapi?"

"Kwangu. Alikuwa amenitaja mimi. Alikuwa amebaki yeye tu."

Jirani alikuwa anapepeta kitu nje, shwaa, shwaa.

"Kwa hiyo wewe ulishatajwa," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mshukuru Dereva, baba. Anza na yeye. Huyo Mwingine mtaelewana polepole."

Akasimama na kikombe kitupu, akaenda kumpikia chai nyingine. Koplo hakusahihisha nakala ya sitini na nne. Zile sitini na tatu zilizokwishakatwa alizipeleka vilevile, na kesho yake watu waligombania zenye mkato wa wino kuliko zile safi.

Kwenye uzinduzi, chumba cha nyuma cha maktaba hakikutosha, wakahamia ukumbini. Koplo alisoma kipande chake na watu wakavunjika mbavu. Alipofika sentensi ya mwisho aliisoma mara mbili, kama alivyoiandika, kisha kama ilivyochapwa. Akasema zote ni zake. Akamwita Karani asimame, akamshukuru kwa kosa lake mbele ya watu wote, na Karani akalia tena, safari hii bila kwikwi. Tarumbeta akauliza kwa sauti kuu kumetokea nini, akaandikiwa kwenye kiganja.

Tangu siku hiyo Koplo anaandika kila asubuhi kabla ya tanuri kupata moto. Bado anaanzia kwenye plasta, kwa sababu mkono umezoea hivyo, lakini sasa ananakili kwenye daftari kabla ya kushika nyundo. Analo andiko jipya la kurasa sita, lenye jina "Fupisha." Lina asubuhi ile yote ndani yake, joto, kicheko, mkono wa Dereva juu ya ufunguo.

"Zamani nilikuwa nadhani nikiandika nitapona," anasema akisugua kwa msasa kikombe cha mguu bandia, kile kinachomeza kigutu. "Sijapona. Unyayo bado unaniwasha. Lakini kitu ambacho kilikuwa kimenikalia kifuani sasa kimekaa mezani, nakizunguka, nakitazama, naweka nukta, natoa nukta. Nashukuru sana. Namshukuru Mwalimu kwa kupenda kusoma visivyomhusu. Namshukuru Karani. Mama ndiye sina hata neno la kumpa."

Mama mwenyewe, alipoulizwa na mwandishi kama mwanawe sasa anaomba, alijibu kwamba hayo hayamhusu mwandishi. Kisha, akiwa tayari amegeuka kwenda jikoni, akaongeza kwamba siku hizi amina inakuja mwisho.

Kijitabu kinachapwa upya mwezi ujao, nakala mia tano, na Mwalimu alimpelekea Koplo karatasi ya kusahihisha. Ile sentensi akaiachia nafasi nyeupe, aijaze mwenye nayo. Koplo alikaa nayo siku nne. Aliyoirudisha inasomeka hivi: "Nilipoteza mguu wangu darajani. Nilimpoteza na Mungu wangu. Mguu sijauona tena." Mwalimu alitazama "nilimpoteza," akaitazama "sijauona," akaweka alama ya vema pembeni, na anakiri kwamba aliirudia mara ya pili kwa furaha ya sarufi.

Lakini "Fupisha" haimo humo. Koplo amekataa isichapwe hadi mtu mmoja aisikie kwanza, naye ni mke wa Dereva. Hawajaonana tangu mazishi. Kila mwaka Koplo humtumia salamu, naye hujibu salamu, basi. Mjane huyo hajui kwamba mumewe asubuhi ile alikatizwa kabla hajajitaja, wala hajui ni nani aliyemkatiza.

"Huenda akanifukuza," Koplo anasema. "Ana haki. Nitachukua mguu wangu nitaondoka. Lakini hawezi kwenda kulisoma hilo kitabuni kama habari za watu."

Jumapili iliyopita alimpigia simu. Mama yake alikaa pembeni, akijifanya anachagua mchele. Koplo anasema alikuwa amepanga maneno yake kwenye karatasi, na yote yakamkimbia. Alichoweza kusema ni kwamba ana jambo la asubuhi ya mwisho ya Dereva, ameliandika, na angependa kuja kumsomea. Akaongeza haraka kwamba ni refu kidogo, kurasa sita, ila kama hana nafasi au moyo wake haujawa tayari, anaweza kumweleza kwa kifupi.

Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa, na mtu akiketi.

"Shemeji," sauti ikasema, "miaka tisa nasubiri mtu wa gari lile aje. Njoo Jumamosi. Unisomee yote, na tafadhali, usifupishe."